Siku Nilipomfundisha Mareki Maneno ya Jikoni

Mimi ndiye niliyemwambia yule mama ageuze uso upande wa mwanga. Si Mareki, si simu yake, si shetani. Nilisema kwa mdomo wangu huu, nikiwa nimefunga kravati shingoni asubuhi yote, jikoni, karibu na mbabula, jiko la makaa: «Mama, geuka kidogo, uso hauonekane.» Akageuka. Tangu siku ile, pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya lupango langu, huu ua wa nyumba yangu, naenda kuchungulia kwenye tundu la geti.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja kukaa kwenye baraza yangu hapa Shari, mtaa wetu wa Bunia, na kuniuliza namna gani mtu anaanza kufundisha wageni Swahili, na namna gani anaonekana kwenye simu za watu. Mnaniita Mwalimu wa Mwalimu, mnadhani ni heshima. Hata mimi nilidhani hivyo. Kaeni vizuri, nitawaeleza vyote viwili, lakini cha pili mtakisikia mkiwa mnatazama mlango kama mimi.

Kazi hii niliingia kwa uvivu. Nilimaliza sekondari, nikashindwa kwenda mbele kwa sababu mbili: wazazi hawakuwa na uwezo, na mimi sipendi safari. Ndugu zangu wa Mahagi wanabeba samaki mpaka ng'ambo ya ziwa na kurudi wakiimba. Mimi nikifika soko kuu tu, naona nimehama nchi. Sasa, kufundisha wageni ni kazi ambayo dunia yenyewe inakuja kwako. Unaweka viti viwili kwenye baraza, unanyoa ndevu, unangoja. Nimefundisha madaktari, masista, mafundi wa visima, askari wa kulinda amani, na sikuvuka barabara.

Aliyenifundisha kazi ni katekisti mmoja, Muzee Kasimiri, ambaye alikuwa amefundisha mapadri wageni kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilimwonyesha daftari langu la masomo, nimelipamba kwa kalamu ya bik nyekundu. Alilifunga bila kusoma. Aliniambia nimuulize mgeni kwanza anaogopa nini. Anayeogopa mbwa, nimfundishe maneno ya mbwa. Anayeogopa barriere, kizuizi cha askari barabarani, nimfundishe maneno ya barriere. Neno la kitu unachoogopa, alisema, linaingia siku moja na halitoki tena. Nimelijaribu jambo hilo miaka mingi, na halijanidanganya.

La pili alilonifundisha: usimpe mtu neno bila kitu mkononi. Nilitaka kulikwepa kwa sababu ya uvivu wangu. Nilikuwa na mhandisi mmoja, mrefu kama nguzo, aliyetaka maneno ya sokoni. Nikaona kununua vitu vyote vile ni kujisumbua, nikaokota mawe uani: hili nyanya, hili kitunguu, hili ndimu. Alijifunza vizuri sana. Alipofika sokoni alirudi mikono mitupu, ananiambia kwa huzuni kwamba nyanya za pale hazifanani hata kidogo na zangu. Tangu siku hiyo kila somo langu lina kitu halisi: samaki, kufuli, mbuzi wa jirani, chochote.

La tatu nililigundua mwenyewe. Wageni wanafika na vitabu vya Dar es Salaam, wanasalimu wamotari, hawa vijana wetu wa pikipiki, kama vile wanasoma hotuba. Wamotari wanawajibu kwa Kifaransa, kwa huruma tu. Basi mimi naanza na salamu za hapa, wiki nzima. Namna ya kuuliza habari za nyumba, za kazi, za wagonjwa. Namna ya kutuma salamu na namna ya kuzipokea. Mgeni asiyejua kupokea salamu hapa Bunia, hata akijua maneno yote mengine, ni mtu asiye na adabu. Hilo la salamu likumbukeni, ndilo lililonivunja.

Mareki alitoka Polonye, huko kwenye baridi. Alikuja kufundisha Kiingereza katika sentre moja ya mjini. Kijana wa nywele za mahindi, mwembamba, anayecheka kabla hujamaliza sentensi. Nilimuuliza anaogopa nini. Alifikiri, akasema anaogopa kunyamaza mbele ya watu. Ningekuwa na akili, ningesikia hatari palepale. Mimi nilifurahi, nikaona nimepata mwanafunzi.

Kweli alijifunza haraka. Mwezi wa tatu alikuwa anabishana na wamotari kwa Swahili yetu ya hapa, na mikono, na kusonya. Alikuwa anaweka simu yake juu ya kisimamio cha miguu mitatu na kujirekodi: leo ananunua sombe, majani ya muhogo, kesho ananyolewa, siku nyingine anajaribu kubeba ndizi kichwani, zinaanguka. Watu wakacheka. Kicheko kikapanda simu, kikafika Goma, kikafika Kisangani, kikafika kwa Wakongo walioko Ulaya ambao, wanasema, walilia kwa kusikia mzungu anasonya vile. Baada ya muda Mareki hakuweza kununua mkate bila kupigwa picha. Walimwalika kwenye harusi za watu asiowajua, wakamkalisha karibu na bibi arusi. Mwenye saluni moja alichora uso wake ukutani. Darasa lake la Kiingereza lilijaa mpaka dirishani, na nusu ya wanafunzi hawakuja kwa Kiingereza.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya picha, muzee mwenye rula anayegonga meza Mareki akikosea. Simu yangu ni ya vibonye, kwa hiyo sikujiona mpaka siku jirani yangu Mama Neema aliponionyesha juu ya uzio. Niliona sikio langu la kushoto limesimama kama la mbuzi. Somo lililofuata nilikaa upande wa pili. La kufuata hilo, nilinunua kravati. Mtu asiyetoka nyumbani, anafunga kravati akae kwenye baraza yake mwenyewe. Mama Neema alisimama kwenye uzio akaniuliza nani amekufa.

Sikuwa mjinga kabisa. Huu mji tunaujua. Nilimwandikia Mareki orodha ya vitu asivyopaswa kurekodi: daraja, barriere, kambi, gari la askari, mtu yeyote mwenye bunduki hata akiwa anatabasamu. Aliifuata kama amri ya Mungu. Sikuandika humo jiko langu.

Sasa niwaeleze huyo mama. Jina lake sitaliandika. Alitoka upande wa Djugu, pamoja na wale wanaokimbia na godoro kichwani, na watu wa parokia waliniomba nimpe chumba cha nyuma. Siku ya kwanza, kabla hata ya kukaa, alinieleza shida yake. Waliochoma nyumba za kwao walimwacha katikati ya wafu. Wawili kati yao aliwaona uso, na aliwafahamu, walikuwa watu wa kijiji cha jirani. Wanadhani amekufa, alisema, na anaishi kwa sababu wanadhani hivyo. Hakutaka kwenda bombani, wala sokoni, wala misa. Nilikubali. Mimi ndiye niliyechota maji. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa na mtu anayetoka kidogo kuliko mimi, na kusema kweli tuliishi vizuri. Anatwanga nyuma, mimi nafundisha mbele, mlango katikati umefungwa.

Siri ile niliifunga vizuri mno. Mareki sikumwambia, Mama Neema sikumwambia. Nikaifunga mpaka mimi mwenyewe nikasahau kwamba ipo.

Basi siku moja Mareki ananiambia, anacheka, kwamba watu wanaandika chini ya picha kuwa muzee anarudiarudia, wanataka sura mpya. Alisema kwa utani. Mimi lilinichoma. Nilikesha nawaza jinsi atakavyopata mwalimu mwingine mwenye masikio mazuri. Asubuhi nikamwambia leo tutafanya maneno ya jikoni. Na kwa kuwa neno halifundishwi bila kitu, na mimi jikoni najua tu kula, nikafungua ule mlango wa katikati nikamwita mama.

Alitoka akifuta mikono. Aliona kisimamio, akaniuliza kama kile kitu kinapiga picha. Nilimjibu kwamba ni kwa ajili ya somo. Angalieni jibu hilo. Halina uongo hata neno moja, na sijasema uongo mkubwa kuliko huo maishani. Muzee Kasimiri alinifundisha kumuuliza mwanafunzi anaogopa nini. Huyu mama hakungoja kuulizwa, alikuwa amekwisha kuniambia siku ya kwanza, na mimi nikamwambia ageuze uso upande wa mwanga.

Na alikuwa mwalimu, kuliko mimi. Mareki alishika mchi akaanza kugonga sombe pembenipembeni, kwa woga. Yule mama alimtazama, mkono kiunoni, akasema: «Baba, unatwanga ao unagonga mulango?» Mareki akaangua kicheko, mimi nikapiga rula ukutani, na mama mwenyewe akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia tangu aje.

Kwa siku chache tu sentensi ile ilikuwa kila mahali. Wamotari walikuwa wanaambiana hivyo wakigongana. Wanafunzi waliimba. Walimpa jina, Mama wa Sombe. Mimi nilifurahi, nilikaa kwenye baraza nikingoja sifa zipite barabarani.

Aliyemwonyesha mama picha ile ni Mama Neema. Alipita kwenye uzio na simu yake, akienda moja kwa moja nyuma, ili ampe mwenzake furaha. Mama aliitazama picha mpaka mwisho. Akaweka mchi chini, polepole, kama vile umekuwa wa kioo. Aliuliza swali moja tu: «Hii inafikaka Djugu?» Mama Neema, ambaye hakujua kitu, akamjibu kwamba Djugu ni karibu, inafika mpaka Ubelgiji. Mama akakaa kwenye udongo.

Nilijua palepale. Hakunitukana, vijana. Nilitamani anitukane. Alieleza tu habari yake kwa Mama Neema, kwa sauti ya chini, mara ya pili katika lupango lile, na Mama Neema alikuwa ananitazama mimi muda wote.

Nilimpigia Mareki. Alikuja mbio, kwa mara ya kwanza hacheki. Alipoelewa akawa mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Aliiondoa picha kwenye ukurasa wake mbele ya macho yetu, lakini watu walikuwa wameikata, wameitia muziki, wameituma kwenye makundi ya familia na ya kwaya. Akataka kuwasha simu awaombe watu wote waifute. Nikamkamata mkono. Nilimwambia akiwaomba hivyo atakuwa anawaambia wanaomtafuta kwamba wako kwenye njia. Basi tulikaa, mwalimu na mwalimu wake, tunatazama geti.

Siku zilizofuata nilijifunza pikipiki zote za avenue yetu kwa sauti. Ile ya fundi wa redio, inayokohoa. Ile ya muuza mikate. Isiyojulikana ikipita, nasimama, na nyuma ya ukuta nasikia mama anasukuma komeo. Aliacha kutwanga kwa sababu watu waliokuwa wanapita walisimama kusikiliza. Tulikula mkate na chai. Mbwa wa jirani akibweka mchana, naenda kwenye geti, naangalia kwenye tundu, naona mbuzi, narudi, nakaa, nasimama tena. Mama aliniambia nikae chini, nitachosha udongo.

Kisha yule tuliyekuwa tunamwogopa akaja mchana, siyo kwa kujificha. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, viatu safi siku ya tope. Alinisalimu kwa adabu, akaulizia afya yangu, akaulizia kazi. Akasema yeye pia ameona ile picha, amecheka sana, angependa kumwona yule Mama wa Sombe, ili naye afundishwe kutwanga. Nilikuwa nimetayarisha uongo siku tatu, nikautoa: yule ni mtu wa michezo ya kuigiza, tulimwita kwa siku moja, karudi kwake mjini. Sauti yangu haikutetemeka. Niliona nimeweza.

Akasema vizuri. Akageuka kuondoka. Kisha, kwa upole, kama mtu anayeagana na baba yake: «Basi, muzee, unisalimie Mama...» akataja jina lake. Jina la nyumbani, la kwao, ambalo katika picha hakuna aliyelitamka, na ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalitumia kwa nadra.

Na mimi nikamjibu: «Asante, zitafika.»

Mnaelewa? Salamu. Miaka yote ile nagonga meza kwa rula, salamu ikitumwa inapokelewa, asante, zitafika, rudia, asante, zitafika. Mdomo wangu ulijibu wenyewe kabla kichwa hakijaamka. Mgeni yeyote niliyemfundisha vibaya angekaa kimya au angesema sielewi, na mama angebaki salama. Mimi, kwa sababu nafahamu adabu, nilimthibitishia mtu yule kwamba mama yuko ndani. Alitabasamu. Alivuka barabara akaenda kusimama kwenye kibanda cha kuuza vocha, akanunua kitu, hakuondoka.

Niliingia, nikamwita Mama Neema kwenye uzio, nikamweleza. Mama Neema ndiye aliyeshika mambo. Hakuuliza maoni yangu. Siku ile wanawake wa kundi lake la kanisa walikuwa wanaenda kilioni, kwenye msiba, na mnajua namna wanawake wanavyokwenda kilioni: kikwembe kimoja, yaani kitenge cha sare, vitambaa kichwani, mabeseni, macho chini, na hakuna mwanamume anayewaangalia usoni kwa sababu ni aibu. Alimpigia Mareki, akamwambia aje na simu yake na kelele zake zote, aje kwa mbele.

Mareki alikuja. Tukatoa kinu barabarani, mbele ya geti langu, na yule kijana anayeogopa kunyamaza akaanza kutwanga sombe katikati ya tope akiimba vibaya kwa Swahili. Wamotari wakasimama. Watoto, wauza mikate, watu wa saluni, avenue ikazibika. Kila mtu anapiga kelele anagonga mulango, anagonga mulango. Mimi nilikuwa karibu naye na rula, kwa sababu ndivyo watu walivyozoea kuniona, na nilipaswa kucheka. Nilicheka. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Katika umati wote ule mtu mmoja hakuwa anamtazama Mareki. Viatu safi, pale kwenye kibanda, anatazama geti langu tu, na mimi niko mbele ya geti, nacheka.

Nyuma, kwenye tundu la uzio, mama alipita kwa Mama Neema. Kutoka kwa Mama Neema walitoka wanawake na mabeseni, kwa barabara ya juu, kwenda kilioni. Sikuwaona. Sikuthubutu kugeuka kuwahesabu.

Tulipomaliza niliingia chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekifagia. Yule mtu alirudi mara mbili, alisimama kwenye kibanda, mara ya pili akaniinulia mkono. Baadaye sikumwona tena, na sijui kama kutomwona ni nafuu au ni vibaya zaidi.

Mareki aliondoka Bunia. Nasikia yuko nchi nyingine, anafundisha tena, na huko nako ni mtu mkubwa kwenye simu. Aliniletea sauti mara moja, kwenye simu ya Mama Neema. Alisema anaomba ruhusa sasa kwa kila uso, na wengine wanamcheka kwa hilo. Mimi niliacha kazi. Wageni wanakuja bado, nawapeleka kwenu ninyi vijana. Wafundisheni vizuri. Leteni vitu halisi. Lakini mtu akisimama mbele ya simu yenu, msimwambie ni kwa ajili ya somo. Mwambieni inakwenda wapi, mpaka Djugu, mpaka Ubelgiji, na akisema hapana, zimeni, hata kama ndiye anayewachekesha kuliko wote.

Kuna jambo moja ambalo linaniamsha. Sijui kama alifika. Mama Neema ndiye aliyempeleka, anajua njia, anajua nyumba, na hajawahi kuniambia. Kila Jumapili akitoka misa naenda kwenye uzio, namuuliza kwa kuzungukazunguka: njia za huko ziko namna gani, mvua inanyesha, watu wale wanaendeleaje. Ananijibu habari za mvua. Jumapili iliyopita nilimwambia wazi kwamba nimezeeka, nisife bila kujua, aniambie tu jina la mahali, sitalitamka. Alitua beseni lake, akanitazama kama siku ile ya picha.

«Mwalimu, hata weye ungekufa kesho sitakuambia. Kama ule mama angali muzima, ni sababu weye haujue kwenye iko.»